Tatu wa Kibamba: Uso wa Che uliobishaniwa kutoka Kongo hadi Bolivia

MAITI ilikuwa imelazwa juu ya sinki la zege la kufulia nguo, nyuma ya hospitali ya mji mdogo wa Vallegrande, katika milima ya Bolivia. Kifua kiko wazi, nywele na ndevu zimetimka, macho hayakufumbwa. Maofisa wa jeshi wameizunguka, na mmoja wao anaonyesha kwa kidole mahali risasi ilipopita. Picha hiyo aliipiga Freddy Alborta, mpiga picha wa Bolivia, tarehe 10 Oktoba 1967. Ni miongoni mwa picha za vita zilizobishaniwa sana katika karne iliyopita.

Jeshi lilitangaza kwamba huyo aliyelala pale ni Ernesto Guevara, maarufu kwa jina la Che, mwanamapinduzi wa Cuba. Watu wengi duniani walikataa. Baba yake mzazi naye alikataa.

Msomaji ataniuliza habari za Bolivia zinatuhusu nini sisi tunaofunga mizigo Kampala na kuifungua Bunia, Juba au Uvira. Zinatuhusu. Miaka miwili kabla ya sinki lile, mtu huyo huyo alivuka Ziwa Tanganyika usiku akitokea Kigoma, akakaa miezi saba katika milima ya Kongo ya mashariki akiitwa kwa neno la Kiswahili, na picha alizopigwa huko zinazusha ubishi hadi leo.

Majuzi niliusikia ubishi huo kwa masikio yangu. Nilikuwa Kikuubo, kile kichochoro cha Kampala ambacho hata jina lake kwa Kiganda ndiyo maana hiyo hiyo ya kichochoro, nikisubiri katoni zangu zifungwe. Jirani na duka la sabuni kijana alikuwa akiuza fulana, na mojawapo ilikuwa na ule uso ambao hata mtoto wa shule anaujua: bereti yenye nyota, nywele ndefu, macho yanayotazama mbali. Mama mmoja mfanyabiashara wa Uvira akasimama, akatoa simu yake, akatuonyesha picha nyingine. Mzungu mwembamba, bereti kichwani, ndevu chache, yuko kambini katikati ya wapiganaji weusi. Akasema huyu na yule wa kwenye fulana ni mtu mmoja, tena aliishi upande wao wa ziwa.

Basi pakawa hapatoshi. Muuza fulana alikana kabisa, nadhani akihofia biashara yake, maana mtu wa kwenye simu hakuwa na sura ya kuuza fulana hata moja. Mzee mmoja aliyerudi nchini baada ya kukaa Kongo miaka mingi akasema huyo ni mamluki, mmoja wa wale Wazungu waliokodishwa na Tshombe. Mwingine akasema ni padri. Wapagazi wakatupigia kelele tupishe njia, tukajibana ukutani, ubishi ukaendelea huko huko.

Mama wa Uvira ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini kueleza kwa nini alikuwa sahihi kunahitaji kumsimulia mtu mwenyewe tangu mwanzo.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, na cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha tarehe 14 Juni 1928. Tangu utotoni aliugua pumu, na ugonjwa huo haukumwacha mpaka siku ya mwisho. Alisomea udaktari Buenos Aires, akahitimu 1953, lakini hakukaa hospitalini. Alikuwa Guatemala mwaka 1954 serikali ya Rais Jacobo Árbenz ilipopinduliwa kwa msaada wa Marekani, akakimbilia Mexico, na huko mwaka 1955 akakutana na Fidel Castro, mkimbizi mwenzake. Desemba 1956 watu 82 walishuka pwani ya Cuba kutoka kwenye mashua iitwayo Granma. Wengi wao waliuawa au kukamatwa siku za mwanzo. Che alikwenda kama daktari wa kundi, akaishia kuwa kamanda, na mwisho wa Desemba 1958 ndiye aliyeuteka mji wa Santa Clara. Dikteta Batista alikimbia nchi siku ya mwaka mpya, 1959.

Wafanyabiashara wenzangu watapenda kujua kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mkuu wa Benki ya Taifa ya Cuba, na kwamba noti za nchi alizitia sahihi kwa neno moja tu, Che. Waliozoea fedha walilalamika. Baadaye akawa Waziri wa Viwanda.

Picha ya kwenye fulana ilipigwa 5 Machi 1960, mjini Havana, katika maombolezo ya watu waliouawa meli ya La Coubre ilipolipuka bandarini. Aliyeipiga ni Alberto Díaz, aliyejulikana kama Korda. Gazeti lake halikuitumia siku ile. Mwaka 1967 ilianza kusambazwa Ulaya kama bango, ikaenea dunia nzima, na Korda hakulipwa chochote kwa mabango hayo na fulana hizo. Ni mwaka 2000 tu, alipopinga kutumiwa kwa picha yake katika tangazo la pombe, ndipo alipopata kama dola 50,000, akazitoa kwa ajili ya dawa za watoto wa Cuba. Alikufa 2001.

Nimelitaja hilo la bango kwa makusudi. Uso huo wa mwaka 1960 ndio kila mtu anaoutumia kumpimia Che. Picha nyingine yoyote isiyofanana nao huambiwa siyo. Che na wenzake waliligundua hilo mapema kuliko sisi, wakalitumia.

Mwanzoni mwa 1965 Che alizunguka Afrika, na Februari alifika Dar es Salaam, ambako alikutana na viongozi wa wapigania uhuru na wa waasi wa Kongo, akiwamo kijana mmoja aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Wakati huo Kongo ilikuwa inaungua. Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961. Waasi wa Simba waliiteka nusu ya nchi mwaka 1964, kisha Novemba mwaka huo makomandoo wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, wakashushwa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Uganda haikuwa mbali na moto huo. Februari 1965 ndege za Kongo zilidondosha mabomu Paidha na Goli, na mwaka uliofuata Bunge letu lilitikisika kwa shutuma za dhahabu na pembe za ndovu za waasi zilizomhusisha Idi Amin. Wanaopitia Goli leo na magunia yao wanajua jinsi mpaka ule ulivyo karibu na kila kitu.

Tarehe 1 Aprili 1965 Che alitoweka Havana. Alinyolewa ndevu, akatiwa meno ya bandia yaliyobadilisha kinywa, akavaa miwani, akapewa pasipoti ya mtu aitwaye Ramón Benítez. Kazi ilifanywa vizuri. Víctor Dreke, Mcuba mweusi aliyeteuliwa kuongoza kikosi kwa jina, alikalishwa na mgeni huyo chumbani na hakumtambua mpaka alipoambiwa, ingawa alikuwa amepigana chini yake.

Walifika Dar es Salaam tarehe 19 Aprili. Balozi wa Cuba, Pablo Ribalta, alikuwa mtu wa Che tangu vita vya Cuba. Serikali ya Tanzania ilijua kwamba wakufunzi wa Kicuba wanakuja, lakini haikuambiwa ni nani yuko kati yao. Hapo Dar es Salaam walifungua kamusi ya Kiswahili kutafuta majina ya kujifichia, wakachukua njia rahisi kuliko zote, yaani kuhesabu. Dreke akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu. Ilikuwa hesabu ya kijanja. Nani angemtafuta mkubwa kwenye namba ya tatu? Alitambulishwa kama daktari na mkalimani, maana Kifaransa alikijua.

Wakaenda Kigoma kwa barabara, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili wakavuka ziwa hadi Kibamba, upande wa Kongo. Walikuwa 14. Katika miezi iliyofuata Wacuba wengine waliwafuata mpaka wakazidi 100, karibu wote weusi, na hilo nalo lilipangwa ili wasijulikane. Ngozi nyeupe ya Tatu ndiyo iliyokuwa tatizo, na ndiyo sababu ilibidi awe daktari.

Baada ya siku chache alishindwa kuvumilia akamfichulia siri mwakilishi wa waasi aliyesafiri naye, Antoine Godefroid Chamaleso. Bwana huyo alishtuka. Aliona kashfa ya kimataifa ikija, akasihi mtu mwingine yeyote asiambiwe, kisha akarudi ng'ambo kumtafuta Kabila ampe habari. Kabila alikuwa safarini. Wiki zikapita, miezi ikapita, Tatu akibaki kambini juu ya mlima akitibu malaria na majeraha, na wanavijiji wakimfuata kwa dawa. Kabila alitokea 7 Julai, akakaa siku tano hivi, akaondoka tena.

Mambo ya vita nitayapitia haraka kwa sababu yalikuwa mabaya. Tarehe 29 Juni 1965 Wacuba na wapiganaji wa Kinyarwanda walishambulia kituo cha umeme cha Bendera wakashindwa. Hao Wanyarwanda walikuwa wakimbizi wa miaka ya 1959 na kuendelea, wakiongozwa na Joseph Mudandi, na baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wametoka katika koo hizo hizo zilizorudi nyumbani baada ya 1994. Wacuba wanne waliuawa Bendera. Mmoja wao alikuwa na shajara mwilini, kinyume cha amri, na hivyo ndivyo upande wa serikali na mamluki wa Mike Hoare walivyojua kwamba kuna Wacuba porini. Kwamba mmoja wao ni Che lilikuwa jambo jingine kabisa.

Huko nje dunia ilikuwa ikimtafuta. Wengine walisema Fidel amemuua. Wengine walisema amekufa Santo Domingo, ambako vita vilizuka Aprili ile ile. Wengine walisema amerukwa na akili na kufungiwa hospitalini. Tarehe 3 Oktoba 1965 Castro alisoma hadharani barua ya kuaga ya Che, na bado hakusema yuko wapi.

Picha ya mama wa Uvira ni ya kipindi hicho. Wacuba walipiga picha kadhaa kambini. Zinamwonyesha mtu aliyekondeshwa na pumu, malaria na kuhara, ndevu zake zikiwa ndio kwanza zinaanza kurudi baada ya kunyolewa. Ukizilinganisha na bango la Korda hufanani naye hata kidogo, lakini ukizilinganisha na picha za Bolivia za miaka miwili baadaye, paji la uso ni lile lile na nyusi ni zile zile. Sababu nyingine ya ubishi ni kwamba Cuba ilifunga mdomo. Kwa karibu miaka 30 habari za Kongo hazikuelezwa kwa ukamilifu, na kumbukumbu alizoziandika mwenyewe zilichapishwa zote mwaka 1999. Kwa hiyo watu wengi wameziona picha hizo katika umri ambao tayari walishaamua Che ana sura gani.

Ukomo ulifika Novemba. Rais Kasavubu alikuwa amemfukuza Tshombe mwezi Oktoba, nchi za Afrika zikataka mapatano, na Tanzania ikaomba msaada wa Wacuba usitishwe. Tarehe 21 Novemba 1965 mashua zilikuja Wacuba wakavuka kurudi Kigoma. Nafasi hazikutosha kwa wote. Wapiganaji wa Kikongo walioachwa ufukweni walilia wakiomba wachukuliwe, na Che aliandika baadaye kwamba jambo hilo lilimuuma. Siku chache tu baadaye Mobutu alipindua serikali.

Che hakurudi Cuba. Alijifungia katika ubalozi wa Dar es Salaam, akaandika kitabu cha kushindwa kwake, akaondoka mwanzoni mwa 1966 kwenda Ulaya. Kwa miezi kadhaa, mtu aliyekuwa akitafutwa na majasusi wa Marekani kila mahali alilala na kuamka Dar es Salaam.

Alirudi Cuba kwa siri katikati ya 1966, akabadilishwa tena. Safari hii nywele za utosini ziling'olewa mojamoja mpaka akawa na kipara, akafanywa mzee wa biashara kutoka Uruguay. Kabla ya kuondoka aliletewa watoto wake waagane naye, na hawakuambiwa kwamba ni baba yao. Alikaa mezani kama rafiki mzee wa familia. Binti yake mdogo Aleida alimwambia mama yake kwamba anadhani mzee huyo anampenda. Kati ya habari zote za ubishi juu ya uso huu, mimi hii ndiyo inayonikaa kooni.

Novemba 1966 aliingia La Paz kwa jina la Adolfo Mena González. Katika chumba cha hoteli alijipiga picha mwenyewe kwenye kioo. Ipo mpaka leo. Ukiionyesha Kikuubo utaambiwa ni mhasibu wa Kihindi aliyefilisika.

Ubishi rasmi wa kwanza ulitokea Washington tarehe 22 Septemba 1967. Waziri wa Mambo ya Nje wa Bolivia, Walter Guevara Arze, ambaye jina lake la mwisho lilifanana na la mtu aliyekuwa akimsaka, aliwaonyesha mawaziri wa nchi za Amerika picha na karatasi zilizokamatwa porini. Kati yake zilikuwamo pasipoti mbili za Uruguay, moja ya Ramón Benítez na nyingine ya Adolfo Mena. Majina mawili, mzee mmoja mwenye kipara. Kwa macho tu pasipoti hizo hazikumwonyesha Che. Kilichozungumza ni alama ya kidole gumba, iliyokuwa moja katika zote mbili.

Nimewahi kusimama mahali pa Ramón Benítez, ingawa bila mapinduzi yoyote. Nilirudi nchini na karatasi yenye picha niliyopigwa nikiwa na umri wa miaka kumi na tatu, na kwenye mpaka mmoja ofisa aliitazama, akanitazama, akaamua mimi ni mtu mwingine. Nililala kwenye benchi usiku mzima. Asubuhi alikuja mama mmoja muuza samaki aliyemjua marehemu shangazi yangu, akanitaja kwa jina la nyumbani, nikapita. Wenzangu wengi wa njia hizi wana hadithi kama hiyo, na wapo ambao muuza samaki wao hakutokea.

Tarehe 8 Oktoba 1967 Che alijeruhiwa mguuni na kukamatwa katika korongo la Yuro. Walimpeleka kwenye shule ya kijiji cha La Higuera. Asubuhi yake Félix Rodríguez, Mcuba mpinzani wa Castro aliyefanya kazi na CIA, alipiga naye picha nje ya shule akiwa hai. Anaonekana amechakaa, nywele zimeshikana, anaangalia chini. Wapo wanaoibishia hata hiyo. Mchana wa 9 Oktoba aliuawa kwa risasi humo shuleni na sajini Mario Terán, kwa amri kutoka juu. Alikuwa na miaka 39.

Maiti ilifungwa ubavuni mwa helikopta ikapelekwa Vallegrande. Kabla ya kuonyeshwa ilioshwa, ikachanwa nywele, na ndiyo maana maiti ya Vallegrande inafanana na Che kuliko mateka wa La Higuera. Kati ya waandishi waliofika jioni ile alikuwamo Mwingereza Richard Gott, ambaye aliwahi kumwona Che ana kwa ana mjini Havana mwaka 1963. Alikuwa karibu peke yake mwenye sifa hiyo pale. Akathibitisha kwamba ndiye.

Jeshi lenyewe ndilo lililoharibu ushahidi wake. Kwanza lilisema amekufa kwa majeraha ya vita, wakati watu walimwona La Higuera akiwa hai siku iliyofuata. Mara likasema amezikwa, mara amechomwa moto. Ndugu yake Roberto, mwanasheria, alisafiri kutoka Argentina kuja kuitambua maiti, akaambiwa hakuna maiti ya kuonyeshwa. Ukimnyima ndugu kuona maiti, unategemea aamini nini? Nchi zetu zimejaa familia zilizofanyiwa hivyo, na wengi wetu tunajua kwamba katika nyumba kama hizo sahani ya marehemu huendelea kuwekwa mezani.

Lakini kabla maiti haijafichwa mikono ilikwishakatwa. Jenerali Alfredo Ovando alitaka kwanza kichwa kihifadhiwe, akashawishiwa kwamba mikono itatosha. Daktari wa Vallegrande aliikata, ikatiwa katika dawa ya kuhifadhia, na tarehe 14 Oktoba wataalamu wa polisi wa Argentina walizilinganisha alama za vidole na zile zilizokuwa kwenye kumbukumbu za kitambulisho alichokichukua ujanani. Zikalingana. Mtu aliyebadilisha nywele, meno, ndevu, uraia na jina mara nyingi hakuweza kubadilisha vidole.

Kesho yake, tarehe 15 Oktoba, Castro alijitokeza kwenye televisheni. Alieleza kwamba picha za mwanzo zilizofika Havana hazikuwaridhisha, nyingine zikafuata, kisha kurasa za shajara zenye mwandiko ambao asingeweza kuukosea. Akasema habari ni ya kweli. Cuba ikatangaza siku tatu za maombolezo. Baba mtu, Ernesto Guevara Lynch, bado alikuwa haamini.

Kwa miaka 28 kaburi halikujulikana. Mwaka 1995 Jenerali mstaafu Mario Vargas Salinas alimwambia mwandishi Jon Lee Anderson kwamba mwili ulifukiwa karibu na uwanja wa ndege wa Vallegrande. Uchimbaji ulichukua zaidi ya mwaka. Tarehe 28 Juni 1997 yalipatikana mabaki ya watu saba shimo moja, mmoja hana viganja. Wiki sita kabla ya siku hiyo, tarehe 17 Mei 1997, majeshi ya Kabila yalikuwa yameingia Kinshasa. Yule kijana ambaye Tatu alimsubiri Kibamba miezi miwili na nusu alikuwa sasa rais, na baadhi ya wasomaji wangu walirudi makwao nyuma ya jeshi lake, wengine wakalikimbia.

Mabaki yalizikwa Santa Clara mwezi Oktoba mwaka huo. Ubishi haukuzikwa. Mwaka 2007 waandishi wawili walichapisha makala wakidai mifupa ile ni ya mtu mwingine, na wataalamu walioifukua wakasimama kidete kwamba ni yake. Mikono yenyewe ilikuwa imekwishatangulia. Waziri wa Bolivia, Antonio Arguedas, ndiye aliyeifanyia mpango itoroshwe, na ilifika Havana mwaka 1970.

Kuhusu picha za Kongo, alikuwapo shahidi mmoja ambaye hakuhitaji alama za vidole. Freddy Ilanga alikuwa kijana wa Kikongo aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kumtafsiria, akawa naye karibu muda wote wa vita. Baada ya kushindwa alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Huko nyumbani mashariki ya Kongo jamaa zake hawakujua kama yu hai. Karibu miaka 40 ilipita kabla hawajasikia tena sauti yake kwa simu, na alifia Cuba bila kurudi.